Shemeji Yangu Refa na Nyumba ya Mama Yao

Mimi ni mke wa mtoto wa tatu wa nyumba ile, na naomba nisikatizwe. Nimekatizwa vya kutosha. Tangu mama mkwe afariki nimekuwa nikikatizwa kwa filimbi, tena filimbi ya chuma, tena ndani ya sebule, na anayenikatiza ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Refa. Hata mama yake mzazi alimwita Refa. Jina alilopewa alipozaliwa nililisikia siku ya msiba tu, liliposomwa pamoja na majina ya wafiwa wengine, na nusu ya waliokuja kuzika waligeuka wakaulizana huyo ni nani.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kusoma mita za maji. Alizunguka mitaa yote na begi lake begani, aliwajua mbwa wote kwa tabia zao, na hakuna geti ambalo hakuligonga. Lakini roho yake ilikuwa uwanjani. Mechi za mtaa, mechi za mashule, mechi za wachinjaji dhidi ya mafundi magari, zote alichezesha yeye, kaptura nyeusi imepigwa pasi, soksi hadi magotini. Umri ulipofika wakamstaafisha kwa makofi na soda. Wakamstaafisha uwanjani, nyumbani hakuna aliyethubutu.

Kadi zake mbili, ya njano na nyekundu, anatembea nazo hadi leo kwenye mfuko wa shati. Ukichelewa mezani, njano. Ukiingia bafuni kabla ya zamu yako, njano. Ukikanyaga sakafu iliyopigwa deki wakati haijakauka, basi ujue unatafuta ya pili. Aliwahi kuoa, msidhani hakuoa. Mkewe alivumilia mengi, ila siku alipoonyeshwa kadi kwa sababu chumvi imezidi kwenye maharage, alifunga virago akaondoka mchana kweupe. Refa mpaka leo anasema yule mama alitoka uwanjani bila ruhusa.

Namcheka, lakini ni mtu mwema, na hilo niliseme mapema nisije nikaonekana mmbea. Baada ya mke kuondoka alirudi kwa mama yake na begi moja, akachukua chumba cha mwisho, kile cha uani kinachotazamana na bomba. Miguu ya mama mkwe ilipokataa kutembea, ni yeye aliyemwogesha, aliyempikia uji, aliyembeba kumtoa nje aote jua asubuhi na kumrudisha ndani jua likiwa kali. Sisi wengine tulikuja Jumapili na matunda na ushauri. Sikuwahi kumsikia akilalamika hata siku moja.

Basi mama akatutoka, na hakuacha wosia wala neno. Aliacha nyumba ya vyumba vinne, sebule, jiko, ua wenye bomba, na watoto wanne. Wa kwanza Refa. Wa pili dada mtu, mwenye saluni, mwanamke ambaye hata akinong'ona anasikika barabarani. Wa tatu mume wangu, fundi umeme, mpole kupita kiasi, ukimkanyaga anaomba radhi yeye. Wa nne kitindamimba wao, anaitwa Bosi kwa sababu zamani aliendesha gari la bosi fulani. Gari lilirudishwa kwa mwenyewe, ubosi ukabaki. Hao wanne ndio wenye nyumba, wote sawa, na watatu kati yao wana pa kulala kwingine. Refa hana. Nyumba ile ikiondoka, yeye anaondoka nayo, na sikuona mtu yeyote akilifikiria hilo.

Mkutano wa kwanza ulifanyika sebuleni, Jumapili mchana. Watoto wanne wa marehemu walikaa kwenye viti vinne, vimepangwa mstari. Mimi nikapewa kigoda mlangoni mwa jiko, maana eti mimi ni mke tu, sirithi kitu. Sawa. Birika la chai hata hivyo nililibeba mimi.

"Tuuze," Bosi akaanza, mguu juu ya mguu. "Tuuze, tugawane, kila mtu ashike njia yake."

"Auze nani?" Dada akadakia. "Hapa mbele ni barabarani, hapa ni pa saluni kabisa. Nyumba naichukua mimi, ninyi nitawalipa kidogo kidogo."

"Kidogo kidogo mpaka lini? Mpaka na sisi tuzikwe?"

"Mimi naona," mume wangu akasema kwa sauti ya kuomba chumvi, "labda tungepangisha, halafu kodi..."

"Wewe kaa na nyaya zako huko!" Wote wawili wakamrukia kwa pamoja, ndilo jambo pekee walilokubaliana siku hiyo.

Dada akasimama. Akavua viatu. Anayemfahamu Dada anajua kwamba akishavua viatu kinachofuata ni mikono, na Bosi naye kwa kuwa anamfahamu akajificha nyuma ya kiti. Mimi nikaokoa birika. Hapo ndipo tuliposikia filimbi.

Jamani, ile filimbi ndani ya nyumba! Masikio yaliziba. Sote tukaganda, hadi jirani aliyekuwa anapiga pasi ukuta wa pili akauliza kwa sauti kama kuna moto. Refa alikuwa amesimama, shingo imenyooka, mkono mmoja juu. Akamwonyesha Dada njano kwa kuvua viatu kikaoni. Akamwonyesha Bosi njano kwa kutaja kuzikwa wakati viti vya msiba bado havijarudishwa tulikoviazima. Halafu akafanya kitu ambacho siku hiyo kilionekana cha busara kabisa: akanyanyua kiti chake kutoka kwenye ule mstari, akaenda kukiweka mbele yao, katikati, akakaa akiwatazama.

"Kuanzia leo kila mtu anasema kwa zamu," akasema. "Atakayemkatiza mwenzake atanitambua."

"Na wewe, kaka?" Dada akamuuliza, anavaa viatu kwa hasira. "Wewe uko upande gani?"

Refa alimtazama kama vile ametukanwa. "Refa hana timu," akasema.

Wote watatu walishusha pumzi. Kweli kabisa, niliwaona, mabega yalishuka kwa pamoja. Kumbe walichokuwa wanataka ni mtu wa kuwazuia wasiuane, na sasa wamempata. Bosi akasogeza kiti chake kuziba pengo lililobaki kwenye mstari, akanyoosha miguu. Kikao kikaendelea kwa adabu, na mimi nikaongeza chai.

Zikaja Jumapili nyingine nyingi. Mimi nimeona ndoa zikivunjika, nimeona mtu akigombea kuku, lakini sijaona vituko kama vya nyumba ile. Kila mtu alipewa nafasi ya kuonyesha kwa vitendo kwamba wazo lake ndilo bora, na Refa akawa anachezesha.

Mume wangu, kwa kuwa ndiye wa kupangisha, alileta mpangaji. Kwa upole wake aliokota wa kwanza aliyemsimamisha njiani, na huyo wa kwanza alikuwa mpiga ngoma wa bendi. Alikuja na ngoma zake zote ili ajaribu, alisema, kama chumba kinakaa vizuri na sauti. Kikakaa vizuri mno. Picha ya marehemu ilianguka ukutani, Dada akapiga ukelele, na Refa akamtolea yule mtu nyekundu bila hata kuanza na njano. Mpiga ngoma wa watu hakuelewa. Alidhani amepewa kadi ya biashara, akashukuru kwa mikono miwili, akaitia mfukoni, akaondoka nayo. Refa alimkimbilia hadi barabarani kwenda kuidai, na mimi nilicheka mpaka nikakalia beseni la vyombo.

Dada yeye hakusubiri kupewa nafasi. Jumapili moja tulifika tukakuta sebuleni ile mashine ya kukaushia nywele, yenye kofia kubwa, na chini ya kofia mteja mzima, vibano kichwa kizima, anasoma gazeti. Refa akapuliza filimbi. Akasema Dada ameotea: amefika golini kabla ya mpira. Dada akasema kuotea ndiyo nini. Basi Refa akakaa chini akamweleza, vikombe vikawa mabeki, bakuli la sukari likawa kipa, na maelezo yakachukua kikao kizima. Mteja, kichwa ndani ya mashine, hakusikia lolote, akawa anatutabasamia tu. Mashine iliondoka kesho yake, Dada kanuna, lakini iliondoka.

Bosi akaleta mnunuzi. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa matairi, mtu mnene anayehema akipanda hata kizingiti, na hakuficha nia yake: anaibomoa nyumba yote anajenga maduka. Akapita chumba hadi chumba anagongagonga kuta kwa pete yake. Akafika uani, akasukuma mlango wa chumba cha Refa, akachungulia kitanda kilichotandikwa, kaptura nyeusi ukutani, ndara zimepangwa.

"Hii ni stoo?" akauliza.

"Hapana, mzee, ni chumba cha kulala," Refa akamjibu kwa heshima zote. "Kina hewa nzuri sana. Na bomba hili hapa maji hayakatiki, mita yake naijua mwenyewe, karibu uone."

Akamfungulia bomba! Mtu anakuja kuvunja pale unapoweka ubavu wako, wewe unamwonyesha presha ya maji! Nilikuwa na ufagio mkononi na nusura nimrushie, sijui nani kati ya wale wawili. Nikamvuta shemeji pembeni.

"Shemeji, huyu akinunua wewe utakwenda wapi?"

"Shemeji," akaniambia kwa upole, "nikianza kufikiria nitakwenda wapi nitapendelea. Refa akipendelea mechi imeharibika."

Siku nyingine wakajaribu kuikata nyumba vipande. Wazo la mume wangu hilo, masikini, baada ya kushindwa la mpiga ngoma. Refa akapewa chaki achore mipaka kwa haki, maana mkono wake ni mnyoofu. Akachora mistari sakafuni, chumba kwa chumba, amepiga magoti, kitambaa shingoni, jasho linamtoka. Mstari wa kwanza ukapita katikati ya choo, Bosi akapata bakuli na Dada akapata mlango. Wakaanza kuzozana nani atampa nani ruhusa ya kuingia na saa ngapi. Mstari wa pili ukaingia chumba cha uani, na Refa mwenyewe akalala kifudifudi akauendeleza chini ya kitanda chake bila kuupinda. Ilipoisha kazi, kitanda kilikuwa upande wa Dada, dirisha la mume wangu, mlango wa Bosi.

"Na shemeji yuko wapi hapo?" nikauliza kutoka mlangoni.

Wote wakacheka. Refa naye akacheka, anapangusa magoti. Kesho yake nilipiga deki nyumba nzima, mistari ikafutika, na hakuna aliyeuliza imekwenda wapi.

Walipochoka wakaenda kwa wakili. Walikwenda wale watatu. Refa alikataa katakata, akasema refa haingii kwenye vyumba vya kubadilishia nguo vya timu. Mume wangu alirudi akanieleza walichoambiwa. Wakili, binti mdogo lakini ulimi umenyooka, aliwaambia hakuna mmoja anayeweza kuuza nyumba ya wote peke yake. Wanaweza kuuza kwa pamoja wakagawana. Au mmoja akawalipa wenzake haki zao, nyumba ikathaminiwa kwanza na mtu asiye na upande. Au wakaipangisha wakagawana kodi. Au wakaandikiana kwamba mmoja wao aendelee kuishi humo na wengine wabaki na haki zao palepale. Wakishindwa vyote kuna mahakama, na huko hakimu anaweza kuamuru iuzwe, wapende wasipende, na kesi itakula muda na nauli.

"Mkamwambia warithi ni wangapi?" nikamuuliza.

"Alituuliza warithi ni nani, tukamwambia ni sisi."

"Sisi nani?"

"Sisi hapa," akasema mume wangu, akaomba maji ya kunywa.

Neno mahakama liliwatia baridi. Jumapili iliyofuata walikuja wamenyenyekea, na siwezi kumnyima Refa sifa yake: siku hiyo alichezesha vizuri kuliko siku zote. Kila mtu alisikilizwa hadi mwisho, hata mume wangu, ambaye alipopewa nafasi hakuamini akaanza kukohoa. Jioni haijaingia wakawa wamekubaliana. Nyumba inauzwa kwa mtu wa matairi. Kwa masharti: Dada apewe duka moja la mbele apange kwa ajili ya saluni, na mume wangu afunge umeme wa jengo jipya. Bosi apate alichotaka tangu mwanzo.

"Na fedha," Bosi akasema, "mafungu matatu, sawasawa."

"Matatu sawasawa," Dada akaitikia.

"Hakuna pingamizi?" Refa akauliza, anawatazama mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Nilisubiri. Nilijua sasa hivi kuna mtu atacheka, atajipiga paji la uso, atasema he, tumemsahau kaka. Nikamtazama mume wangu, mume wangu anatazama kucha. Nikamtazama Refa mwenyewe, uso unang'aa.

"Jamani, mbona matatu?" nikasema. "Watoto wa mama si..."

Filimbi. Njano. "Shemeji, benchi haliongei."

"Benchi gani! Nawauliza hesabu! Hapa waliozaliwa ni..."

Filimbi. Njano ya pili, na baada yake nyekundu, ikanyanyuliwa juu kabisa karibu na balbu. Akanyoosha kidole kuelekea uani. Nilitoka, nitafanya nini? Nilitoka na sinia langu, nikakaa juu ya ndoo karibu na bomba. Mtu mmoja tu katika nyumba nzima alikuwa anajaribu kumtetea, na yeye huyo ndiye aliyemfukuza. Kutoka ndani nikasikia makofi. Refa alikuwa anawashika mikono mmoja mmoja, anawapongeza kwa mchezo wa kiungwana.

Njiani kurudi kwetu nilimpa mume wangu vidonge vyake. Akanisikiliza, kisha akasema, "Kaka angetaka fungu angesema. Hataki. Si umesikia mwenyewe hana timu?" Na nikajua alikuwa anaamini anachosema. Dada aliamini hivyo hivyo, Bosi pia. Walikuwa wamezoea kumwona mbele yao, amewageukia, hadi wakasahau kwamba alitoka tumbo lilelile. Nilikaa na hasira ile wiki nzima, hata mboga niliunguza.

Siku ya kutia sahihi tukaenda sote kwa wakili, ofisi ya ghorofani juu ya duka la dawa. Hata Refa alikuja, alisema mechi haijaisha mpaka iishe. Amevaa shati jeupe, viatu vinawaka. Mimi nilikwenda kwa kisingizio cha kumshikia Dada mkoba. Wakili akawakaribisha warithi wakae mbele ya meza yake. Viti vilikuwa vitatu, wakakaa watatu. Refa akasimama kando, mikono nyuma, mgongo kwenye kabati la mafaili.

Wakili akasoma makubaliano yote kwa sauti. Akawapa kalamu. Bosi akaishika wa kwanza, bila shaka. Ndipo yule binti akainua macho.

"Samahani, mzee, wewe ni shahidi?"

"Hapana," Refa akasema. "Mimi ni refa."

"Refa wa nini?"

"Wa hawa."

Wakili akaniangalia mimi kana kwamba nitamtafsiria. Mimi nikaangalia dari, maana nilikuwa na nyekundu na sikutaka lawama.

"Namaanisha, mzee wangu, marehemu alikuwa nani kwako?"

"Mama yangu," akajibu, upesi upesi, kama anayejibu saa ngapi.

Halafu akalisikia alilolisema. Niliona linamwingia. Ule mgongo ulionyooka ukaachana na kabati, mikono ikaja mbele ikakosa pa kukaa. Chini kwenye duka la dawa mtu anakohoa.

"Mliniambia mko watatu," wakili akasema.

"Tuko watatu," Bosi akasema, "na refa."

"Weka kalamu chini, tafadhali." Akageuza kiti chake kumwelekea Refa. "Mzee, wewe ni mrithi sawa na hawa. Bila sahihi yako hakuna kinachouzwa hapa. Kwa hiyo nakuuliza wewe sasa. Unataka nini?"

Jamani, lile swali. Akawatazama wadogo zake kama kawaida yake, kwa zamu, aone nani anataka nini, lakini hakuna aliyekuwa na la kumsaidia. Nilimwonea huruma. Mtu mzima, nywele nyeupe, hajawahi kuulizwa swali hilo na mtu yeyote katika maisha yake, na jibu analitafuta kama funguo.

"Nataka kulala pale," akasema polepole.

"Sema tena, kaka?" Dada akauliza.

"Nataka kulala pale. Uani. Nataka nikiamka nifungue mlango nikute bomba. Sitaki kwenda kupanga chumba kwa mtu, na umri huu, niulizwe narudi saa ngapi na nimepika nini. Sitaki matairi! Mimi nilimgeuza mama kitandani usiku na mchana, ninyi mkija na mapapai!"

"Kaka, usituseme, na sisi tulikuwa na kazi zetu!"

"Sijamaliza!"

"Lakini kaka, zamu..."

"Zamu kitu gani!" Akapiga meza kwa kiganja, kalamu ikaruka.

"Ulikubali mwenyewe!" Bosi akasimama. "Ulitushika mikono!"

"Niliwashika mikono kwa kuwa mmecheza vizuri! Na wewe unaongea nini, mwizi wa kofia za dereva!"

"Mimi mwizi?"

"Kofia ya kazi uliirudisha wewe?"

"Na mimi nilisema tupangishe!" Loo, huyo alikuwa mume wangu, kasimama juu, mishipa ya shingo imetoka. "Tangu siku ya kwanza nilisema tupangishe! Hakuna aliyenisikia!"

Wakaongea wote wanne kwa mpigo. Dada akavua kiatu kimoja. Kikombe cha wakili kikaanguka. Na ilipofika mahali ambapo siku zote wangezuiwa, walinyamaza kidogo wote watatu, kwa mazoea, wakamgeukia kaka yao wakingojea awatulize. Lakini kaka yao alikuwa bado anamtukana Bosi kuhusu ile kofia, mate yanamtoka, hata hakuwaona. Wakaendelea.

Wakili akafunika kalamu yake. Akasema kwa adabu kubwa kwamba njia zote alizowaeleza bado zipo, ikiwemo ile ya mmoja kuendelea kuishi humo, na warudi wakishaelewana wakiwa wanne. Kisha akatufungulia mlango.

Ngazini ndiyo ilikuwa kelele. Watu wa duka la dawa walitoka kutazama. Bosi alikuwa anashuka kinyumenyume ili aweze kubishana, Dada kiatu mkononi, mume wangu anahesabu kwa vidole faida za kupangisha vyumba vya mbele, na Refa yuko katikati yao anapaza sauti kuliko wote. Sikujua ana sauti ile. Nadhani hata yeye hakujua.

"Basi kaka, yaishe!" Bosi akasema mwishowe, amechoka, kajishikiza ukutani. "Amua wewe. Tuchezeshe kama siku zote, tumalize."

"Tafuteni mwingine," Refa akasema. "Mimi nina nyumba yangu hapa naigombania."

Dada alisimama. Akamtazama kaka yake pale ngazini, shati limetoka kwenye suruali, jasho linamchuruzika, anahema. Akaanza kucheka, akacheka hadi akakaa kwenye ngazi, halafu nikaona anafuta machozi na hakuwa anacheka tena. Akavaa kiatu chake. Akamshika mkono.

"Haya, kaka," akasema. "Shuka. Twende tukagombane nyumbani."